Gari namba 34: Modeli ambayo ukiing'arisha umeikosea

SHABIKI wa soka anaujua uchungu wa bao halali kukataliwa. Kibendera kinapanda, refa anapuliza, na hata marudio ya televisheni yakionyesha ukweli, ubao wa matokeo haubadiliki.

Desemba 1, 1963, kitu kama hicho kilimkuta Wendell Scott, dereva mweusi kutoka Danville, jimbo la Virginia, Marekani. Kwenye mbio za NASCAR katika uwanja wa vumbi wa Speedway Park, Jacksonville, alikuwa mbele ya Buck Baker kwa mizunguko miwili. Lakini Baker ndiye aliyepungiwa bendera na kutangazwa mshindi.

Saa kadhaa baadaye, watu wameshatawanyika, waandaaji wakakiri kuwa mshindi ni Scott. Ndiye dereva mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya juu ya NASCAR. Alifariki 1990. NASCAR ilikuja kuikabidhi familia yake kombe mwaka 2021.

Gari aliloshinda nalo, Chevrolet Bel Air ya 1962 yenye namba 34, ni mtihani mzuri kwa mtu yeyote anayetengeneza modeli za magari ya zamani ya mbio. Kulitengeneza dogo si kazi. Kazi ni kulitengeneza kama lilivyokuwa.

HESABU ZA MILIMITA

Modeli nyingi za magari ya Kimarekani hujengwa kwa skeli ya 1/25, yaani kila kipimo cha gari halisi kinagawanywa kwa 25. Kwenye Bel Air hiyo, kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma ni kama sentimita 302. Mezani zinabaki 12 na ushee.

Hapo ndipo jasho linapomtoka fundi. Akikosea milimita mbili tu, kwenye gari halisi amekosea sentimita tano. Paa likishuka kiasi hicho, anayelijua gari hilo atashtuka kabla hata hajaambiwa.

Kuna jingine. Boksi la vipande vya plastiki linalouzwa dukani mara nyingi lina gari la mtaani, lenye viti vya abiria, urembo wa nikeli na vifuniko vya rimu. Magari ya NASCAR ya miaka hiyo yalitoka kiwandani hivyohivyo, kisha yakavuliwa. Viti vya abiria vinatoka, taa za mbele zinatoka, na ndani kinajengwa kizimba cha mabomba ya chuma kumlinda dereva gari likipinduka.

Kwa hiyo fundi wa modeli naye anavua. Anakata, anapiga msasa, anajaza matundu, halafu anajenga kizimba chake kwa vijiti vya plastiki. Bomba lenye unene wa sentimita 4.5 linakuwa kijiti kisichofika milimita mbili. Mkanda wa dereva wenye upana wa sentimita 7.5 unakuwa utepe wa milimita tatu. Gundi ikizidi tone moja, kazi ya jioni nzima imekwenda na maji.

SIKU GANI?

Ukimwambia mtu akuchoree jezi ya Yanga au Simba, atakuuliza ya msimu gani. Gari la mbio ni zaidi ya hapo. Wiki hii limegonga ukuta, wiki ijayo lina bodi yenye kiraka, na baadaye limepakwa rangi upya.

Ndiyo maana kabla ya kununua rangi, fundi makini anachagua siku moja na mbio moja, kisha anatafuta picha za siku hiyo. Nazo zina mitego. Kwenye picha isiyo na rangi, nyekundu na bluu iliyokolea zinaweza kufanana. Picha ya ubavu wa kushoto haikwambii wa kulia uliandikwa nini. Akichanganya picha za mbio mbili, anapata gari zuri ambalo halikuwahi kuwepo.

VUMBI NI SEHEMU YA GARI

Scott hakuwa na fedha za timu kubwa. Bel Air hiyo aliinunua kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett, ikiwa imeshatumika. Alikuwa dereva na fundi wake mwenyewe, akisaidiwa na familia.

Ukipaka modeli yake rangi ikawaka kama kioo, imependeza, lakini umemtengenezea Scott maisha ambayo hakuyapata. Mafundi wanaojali ukweli husaga chaki za rangi ya udongo, wakapaka unga wake kwa brashi laini nyuma ya matairi na kwenye pua ya gari. Wanaongeza mikwaruzo ya mawe, kidogo kidogo, maana ikizidi nayo inakuwa uongo.

Kwenye ngazi hiyo ya juu, Scott alianza mbio 495 na akashinda moja tu, hiyo ya Jacksonville. Wapo wanaopenda kuweka kombe dogo pembeni ya modeli ya gari lililoshinda. Kwa namba 34 ya Desemba 1, 1963, pembeni panatakiwa pawe patupu.