Sarafu ya Mjerumani haisuguliwi

Mkulima akifukua sarafu ya Mjerumani shambani, mara nyingi huisugua kwa majivu mpaka ing'are. Hapo ameshaiharibu bei.

Mfano ni heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916, iliyotengenezwa wakati wa vita, nyingine kwa shaba nyekundu na nyingine kwa shaba njano. Wanunuzi wengi wa ng'ambo hutaka kwanza ipimwe na kampuni kama PCGS au NGC za Marekani, zinazotoa alama 1 hadi 70. Shaba nyekundu hupangiwa pia daraja la rangi: nyekundu, mchanganyiko au kahawia. Iliyosuguliwa hunyimwa alama.

Ugomvi uko kwenye rangi. Shaba hugeuka yenyewe kwa hewa na miaka, lakini wajanja huigeuza kwa moto au salfa, na mwamuzi ni jicho la mpimaji. Sarafu ileile ikipelekwa tena yaweza kupata alama nyingine. Wakulima wa kahawa wanaujua ugomvi wa madaraja, ila kahawa angalau huonjwa.

Ada hulipwa kwa dola hata alama ikikataliwa, na kwa sarafu ya kawaida, ada na posta zaweza kuizidi bei yake.