Mtoto Hodari wa Hesabu Arushwe Madarasa?

Baba arudipo kutoka zamu humkuta mwanawe wa darasa la tatu akimsaidia dada yake wa darasa la sita kutoa hesabu za sehemu. Furaha huijaza nyumba, na kabla ya jua kutua kambi nzima imekwisha pata habari. Kesho yake baba huenda kwa mwalimu mkuu na kuomba neno moja tu: mtoto arushwe madarasa mawili. Je, akubaliwe?

Jambo hili halitaki haraka, wala halitaki kupuuzwa. Mtoto anayefundishwa mwaka mzima mambo anayoyajua huchoka, huanza utundu, na mwishowe huichukia shule. Lakini ajuaye hesabu za darasa la tano si lazima awe anajua Kiingereza cha darasa la tano.

Wazazi wa Uganda na waukumbuke mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Masomo yake ni manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Alama ya 1 ndiyo bora kabisa, na ya 9 ni ya kushindwa. Alama za masomo yote manne hujumlishwa. Mtoto aliyepata 1 katika Hesabu, na 6 katika kila somo jingine, jumla yake ni 19. Mwenzake asiyesifiwa na mtu, aliyepata 2 katika masomo yote, jumla yake ni 8. Hapo ndipo baba hutambua kwamba somo moja halikuweza kuyabeba matatu.

Ulimwengu umeona mifano ya namna mbili. William James Sidis wa Marekani aliingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 11. Magazeti yalimfuata kila aendako. Alipata shahada mwaka 1914, lakini baadaye aliukimbia usomi, akafanya kazi ndogo ndogo za ukarani, akafariki mwaka 1944.

Terence Tao alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975. Baba yake alikuwa daktari wa watoto, na mama yake alikuwa amepata kufundisha hesabu. Alipokuwa na miaka mitatu na nusu walimpeleka shule, wakaona hajawa tayari, wakamrudisha nyumbani bila kuona haya. Alipofika miaka mitano alianza tena. Safari hii alisoma Hesabu pamoja na madarasa ya juu, na masomo mengine pamoja na watoto wadogo. Mwaka 1988 alipata medali ya dhahabu katika Olimpiadi ya Hesabu ya Kimataifa, akiwa na miaka 13 tu. Hata hivyo wazazi wake hawakumwingiza chuo kikuu kwa masomo ya kutwa mpaka alipotimiza miaka 14. Mwaka 2006 alitunukiwa Medali ya Fields, ambayo ni miongoni mwa tuzo kuu za hesabu duniani.

Funzo ni kwamba lisogezwe somo, asisogezwe mtoto mzima. Na lisogezwe mpaka wapi? Kwanza mtoto apewe mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa analoliruka. Akipata majibu sahihi, aulizwe pia kwa nini ni sahihi. Anayejua kanuni tu, bila kuweza kueleza sababu yake, bado ana kazi pale alipo; apewe maswali magumu zaidi ya darasa lake. Anayeeleza vyema na ajaribiwe juu kwa muhula mmoja. Katika muhula huo mama atazame: je, analala vizuri? Bado anacheza na wenzake? Masomo mengine yameshuka? Mambo yakiharibika arudi, wala asichekwe.

Kwa familia za askari kuna jambo jingine. Uhamisho huja ghafula, na shule mpya haimjui mtoto. Yafaa mwalimu mkuu aandike barua inayoeleza kiwango alichofikia katika kila somo, nayo ihifadhiwe pamoja na ripoti zake.

Basi baba yule na arudi kwa mwalimu mkuu, lakini aombe neno jingine: mtoto abaki darasa la tatu na marika yake, ila kipindi cha Hesabu kifikapo, achukue daftari lake akakae na darasa la tano.