Cheti cha Chuo na Kazi ya Bahari

Mzazi wa Kibarani, karibu na mji wa Kilifi, anapouza korosho au mbuzi wake ili amlipie mwanawe karo ya chuo cha ubaharia, ana haki ya kuuliza: akimaliza masomo atapata kazi gani? Swali hili lastahili jibu la kweli. Bahari iko mlangoni petu, lakini kazi zake hazipatikani kwa ujirani tu.

Yafaa kwanza kuelewa nia ya Serikali. Maji yaliyo ndani ya mwamba yana wavuvi wengi tayari, nayo sheria huyalinda. Mwaka 2001 uvuvi wa juya na wa bunduki za mishale ulipigwa marufuku. Mwaka 2006 meli za kukokota nyavu za kamba zilisimamishwa katika Ghuba ya Malindi na Ungwana, baada ya wavuvi wadogo kulalamika kwamba zilirarua nyavu zao. Zilirudi mwaka 2011 chini ya masharti mapya. Kisha sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wa nchi nzima. Basi kijana asidhani kwamba atatoka chuoni aongezwe tu katika mitumbwi ya mwambani.

Tumaini liko mbali zaidi. Kenya ina haki ya kuvua mpaka maili 200 za baharini, na huko ndiko apitako jodari. Lakini mitumbwi na ngalawa zetu haziwezi kufika huko kwa usalama, na kwa miaka mingi jodari wengi wa upande huu wa Bahari ya Hindi wamevuliwa na meli za kigeni na kupakuliwa Victoria, katika nchi ya Shelisheli. Samaki wakishushwa kwingine, kazi za kupakua, kugandisha na kutengeneza meli hushuka huko huko pamoja nao.

Sasa tutazame cheti chenyewe. Mwaka 2018 chuo cha bandari cha Mombasa kilifanywa kuwa Bandari Maritime Academy, na tangu mwaka 2010 Kenya imo katika orodha ya mataifa ambayo vyeti vyao vya ubaharia hukubaliwa ulimwenguni. Hiyo ni heshima kubwa. Hata hivyo, mafunzo ya msingi ya kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza na usalama wa kazini ni ruhusa ya kupanda melini tu. Hayampi mtu cheo. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu katika meli kubwa hana budi kufanya kazi baharini kwa muda usiopungua miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, au miezi 36 nje ya mafunzo hayo. Tena mkataba wa vyeti wa mwaka 1978 ni wa meli za biashara. Meli za uvuvi zina mkataba wao wa mwaka 1995, ulioanza kutumika mwaka 2012.

Hapa ndipo penye fundo. Kijana hawezi kupata cheo bila kusafiri, wala hawezi kusafiri bila meli ya kumpokea. Darasa peke yake haliwezi kulifungua fundo hili. Serikali inapotoa leseni kwa meli ya kigeni, yafaa idai nafasi za wanafunzi wetu melini, kama inavyodai ada.

Wakati huo huo, ziko kazi za nchi kavu zisizongoja meli ya ng'ambo: kutengeneza injini za mashua, kuziba mashua za faiba, kutunza mashine za barafu, na kukagua usafi wa samaki. Fundi mmoja hodari wa injini huwafaa wavuvi wa bandari nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, mzazi na aulize mambo matatu. Je, cheti hiki chakubaliwa na mamlaka ya usafiri wa baharini? Ni cha meli za biashara au za uvuvi? Na ni nani atakayempa mwanafunzi meli ya kufanyia miezi yake? Chuo kisichoweza kujibu swali la tatu chauza nusu ya safari kwa nauli kamili.