Kompyuta Husomaje Tarehe?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo nusura linikosanishe na majirani: jinsi kompyuta inavyosoma tarehe.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Matayos. Mwisho wa kulipa mchango ni tarehe 5 ya kila mwezi. Anayechelewa hutozwa faini. Mwaka wa 2025 aliniomba nimwekee hesabu kwenye kompyuta. Niliyotumia ina Linux, mfumo ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuona ulivyoundwa. Humo mna amri fupi iitwayo date. Nikaipa tarehe kama zilivyokuwa daftarini, nayo ikanipangia nani alilipa lini.

Siku ya mkutano, mama mmoja mjane anayeuza omena akaambiwa amechelewa karibu mwezi mzima, basi atoe faini. Akanigeukia: "Mwanangu, si mimi nililipa mapema?" Daftari lilisema 04/03/2025, yaani tarehe 4 Machi. Kompyuta ilikuwa imesoma tarehe 3 Aprili! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kiini cha kosa ni hiki. Sisi Wakenya, na hata jirani zetu wa Uganda, huanza na siku. Wamarekani huanza na mwezi. Amri ya date ikiona nambari zilizotengwa kwa mikwaju namna hiyo, hufuata Wamarekani. Ukiandika 25/03/2025 itakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Heri hiyo inayokataa! Hatari iko katika siku ya 1 hadi ya 12, maana hapo hukubali kimya kimya. Hebu tupige hesabu: 12 mara 12 ni 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni sawa, kama 04/04. Zinabaki siku 132 kila mwaka za kukutia mashakani.

Je, haya hayakuandikwa? Yameandikwa. Maelezo mafupi ya amri hiyo hutoa mifano michache, kisha hukuelekeza kwenye kitabu kikubwa chenye sura nzima juu ya tarehe. Mimi sikukifungua. Haraka haraka haina baraka. Lakini nao waandishi wa maelezo wangeliweka onyo hilo mbele, wangetuokoa wengi.

Dawa ni rahisi. Mwaka wa 1988 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kanuni nambari 8601: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Andika 2025-03-04, na date haitakosea. Kumbuka pia kwamba saa tatu yetu ya asubuhi kwake ni 09:00, na kwamba hujua "tomorrow" lakini "kesho" hukataa. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa tarehe moja unayoijua.

Yule mama alirudishiwa pesa zake, nami nikamwomba radhi mbele ya chama. Sasa shangazi huandika jina la mwezi daftarini, nami nageuza mwenyewe. Wenzangu, mashine haijui kwamba omena wa mtu wamo katika hesabu hiyo. Ni sisi tunaojua. Shime, tusome maelezo kwanza!