Biolojia: Elimu ya Uhai au ya Maisha?

Msafiri apandaye gari-moshi Tabora kwenda Mwanza hupita Bukene, katika wilaya ya Nzega. Na mrina asali wa nchi hiyo hujua mti upi huchanua majira gani, na nyuki huuendea lini, ilhali huenda hajapata kulisikia neno biolojia. Je, ni haki kusema kuwa elimu hiyo hanayo? Ili tujibu kwa insafu, yatupasa kwanza tulipekue neno lenyewe.

Neno hili limeungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, bios na logos. Logos ni neno, hoja, au maelezo yenye mpango. Amma bios, wengi hulifasiri kuwa ni uhai, na hapo ndipo penye kosa. Kwani Wayunani walikuwa na neno jingine, zoe, kwa uhai ule ambao mtu, mnyama na mmea huushiriki, na bios aghalabu walilitumia kwa namna mtu aishivyo: mwenendo wake, kazi yake na muda wake duniani. Kiswahili nacho kina tofauti iyo hiyo, tena maneno yote mawili tumeyapata kwa Kiarabu: zoe ni uhai, bios ni maisha.

Aristotle aliwachunguza samaki na nyuki pasipo kuwa na jina la biolojia. Maana tuijuayo leo ilianza kujitokeza karne ya 18, na mwaka 1802 Lamarck wa Ufaransa na Treviranus wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walilitumia neno hilo kuitaja elimu moja ikusanyayo mimea na wanyama pamoja. Sisi twaiita pia elimuviumbe, jina litokalo katika kuumba.

Mwaka 1861 msafara wa wapelelezi Speke na Grant ulipopita Unyamwezi, nchi ya mrina wetu, Grant alikusanya mimea, nayo ikapelekwa Uingereza ikapewa majina ya Kilatini. Kazi hiyo ni ya thamani. Lakini mmea uliokaushwa hauonyeshi nyuki wake wala majira yake, na hayo ndiyo maisha.

Basi mrina asali hakukosa biolojia, amekosa jina lake tu. Nakusihi, mwalimu, kabla ya kuwaandikisha watoto fasili ya neno hili, wapeleke kwanza chini ya mti uliotundikwa mzinga.