Umenunua gemu kwa pesa zako, lakini si yako

Mpwa wangu alinijia nyumbani Kibokoni usiku mmoja baada ya swala ya Isha, uso ameukunja. Nikadhani amegombana na mamake. "Mjomba," akaniambia, "ile gemu niliyonunua wameifunga." Kijana huyu hupeleka mizigo kwa bodaboda, na pesa za gemu hiyo alizidunduliza karibu miezi mitatu. Diski anayo, mashine anayo, stima ipo na bando limo. Ila kampuni imezima seva zake huko ng'ambo, na diski yake sasa haina kazi.

Najua wako watakaosema hiyo ni michezo ya watoto, kuna mambo makubwa ya kuandikia. Hata mimi nilianza na fikra hiyo. Lakini nilivyozidi kumsikiliza niliona swali lake ni la kila mtu anayelipa kitu kwa simu au kompyuta: nikishatoa pesa zangu, nimemiliki nini?

Kisa kinachotajwa sana ni cha gemu ya magari iitwayo The Crew, ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa. Ilitoka mwaka 2014. Mchezaji aliweza kuendesha gari kuzunguka Marekani nzima iliyopunguzwa ukubwa. Tatizo ni kwamba ilitaka mtandao wakati wote, hata ukicheza peke yako chumbani. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva, na siku hiyo gemu ikaacha kufunguka. Baadaye wachezaji wengine walikuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Mwezi wa Novemba mwaka huo wachezaji wawili wa California waliishtaki kampuni. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba wanunuzi walipewa ruhusa ya kutumia tu, hawakuuziwa gemu yenyewe.

Sisi tuliokua miaka ya tisini twakumbuka kaseti za gemu. Ikigoma unaitoa, unaipuliza vumbi, unairudisha, inacheza. Ukichoka nayo unamuuzia jirani au unampa mdogo wako, na hakuna wa kukuuliza. Siku hizi diski nyingi ni kama ufunguo tu, na mlango wenyewe uko kwenye seva ya kampuni. Ikibadilisha kitasa, ufunguo wako haufungui kitu. Na gemu unayopakua kutoka mtandaoni huwezi hata kumpa nduguyo, kwa kuwa imefungwa kwa akaunti yako.

Madrasa tulifundishwa kuwa kuuza ni jambo moja na ijara ni jambo jingine. Ukiuza, milki inahama kwa mnunuzi. Ukikodisha, muda unatajwa ili kila upande ujue lini mwisho. Kampuni hizi huandika "nunua" kwenye kitufe, kisha ndani ya masharti marefu yasiyosomwa na mtu huandika kwamba umepewa leseni wanayoweza kuifuta. Kwa maneno mengine umekodi kitu usichojua utakaa nacho mwezi au miaka kumi, na umelipa bei ya kununua. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tofauti ni kwamba huyu mwenye nguo hakukwambia kuwa amekuazima.

Sisi wa huku tuna shida ya pili. Mwezi wa Mei 2024, Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mtandao huo hauzihudumii rasmi nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170, ilhali watu walikuwa wameshainunua. Wachezaji walilalamika kwa maelfu, na baada ya siku chache tu Sony ikaliondoa sharti hilo, ingawa katazo la kuuza gemu katika nchi hizo liliendelea hata baada ya hapo. Vijana wetu wanaotaka akaunti hiyo hujiandikisha kama wakaazi wa Marekani au Uingereza, kwa anwani wasiyoijua. Kwanza tunamfundisha mtoto kusema uongo. Pili, akaunti ikifungwa hana pa kulalamikia, maana yeye ndiye aliyevunja masharti.

Tuwe waadilifu. Seva hugharimu pesa, na hakuna kampuni inayoweza kuziwasha milele kwa ajili ya wachezaji wachache. Chama cha kampuni za gemu barani Ulaya kimesema pia kwamba kuwaachia wachezaji waendeshe seva wenyewe kunaleta maswali ya usalama wa taarifa za watu na ya nani atabeba lawama mambo yakiharibika.

Lakini wanaolalamika hawadai seva za milele. Ross Scott, Mmarekani anayeishi Poland, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games mwezi wa Aprili 2024. Ombi lake ni kwamba kampuni ikiacha kuihudumia gemu, iiache katika hali ya kuchezeka. Kufikia Julai 2025 zaidi ya raia milioni 1 wa Umoja wa Ulaya walikuwa wameliunga mkono kwa sahihi zao. Na jambo lenyewe linawezekana: mwezi wa Septemba 2024 Ubisoft hiyohiyo iliahidi kuifanya The Crew 2 ichezeke bila mtandao. California nayo, tangu tarehe 1 Januari 2025, ina sheria inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za kidijitali ikiwa hajamweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni.

Sisi je? Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Wabunge wetu wa Pwani hawahitaji kubuni kitu kipya. Waulize tu kama neno "nunua" kwenye simu lina maana ileile iliyo nayo pale Marikiti.

Hadi hapo, mzazi anayeombwa pesa za gemu aulize mambo matatu. Yachezeka bila mtandao? Akaunti inayotakiwa inaikubali Kenya? Kampuni ikifunga, kitabaki nini mkononi? Yapo maduka kama GOG yanayouza gemu zisizo na kufuli, unapakua na kuhifadhi faili lako mwenyewe.

Mpwa wangu ameanza kudunduliza tena. Safari hii ameniahidi atasoma masharti kabla ya kulipa, nami nimemwambia aje nayo tuyasome pamoja.