Motokaa Kuukuu ya Fahari: Breki Kwanza, Jina Baadaye

Huenda ukiwa mjini Iringa au Mbeya umewahi kuiona: motokaa kubwa ya zamani, pengine Mercedes ya miaka ya 1950, imelala nyuma ya nyumba ya mtu, magurudumu hayana upepo, na kuku wametaga kitini. Mwenyewe hataki kuiuza kama chuma chakavu. Vijana wake wanamwambia, "Baba, tuitengeneze, tuipe jina zuri, tuikodishe kwa maharusi." Shauri hilo si la kuchekwa. Bibi arusi hapendi kwenda kanisani kwa gari lile lile analopanda siku zote kwenda sokoni. Lakini vijana wengi huanzia mwisho. Hununua rangi kwanza, huchagua jina, nazo breki husubiri mpaka fedha imekwisha.

Hebu ufikiri njia zetu. Atokaye Iringa kwenda upande wa Morogoro hana budi kuteremka Kitonga. Mbeya nako kuna mteremko wa Iwambi, ambao umekwisha kuua watu wengi. Motokaa nyingi za miaka ile zina breki za dramu mbele na nyuma, yaani vibao vinavyosugua ndani ya chuma cha mviringo. Dereva akizikanyaga mfululizo katika mteremko mrefu, chuma hupata moto na breki hupoteza nguvu. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yakipata moto, maji yaliyomo huchemka, na kikanyagio huzama chini kama mguu katika matope. Basi mafuta yote yabadilishwe, na raba zote za breki ziwe mpya, hata kama za zamani zaonekana nzima. Naye dereva ateremke kwa gia ndogo tangu juu ya mlima, asingoje katikati.

Liko jambo jingine ambalo fundi wa pwani aweza kulisahau. Mji wa Mbeya uko juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,700, na huko maji huchemka kwenye joto la nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kikiwa kibovu, motokaa itatoa mvuke mbele ya wageni wote. Hewa nayo ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopimwa Dar es Salaam itatoa petroli nyingi mno na moshi mweusi. Irekebishwe huku huku juu. Kisha zulia liondolewe na sakafu igongwe kwa nyundo ndogo, maana mvua za Rungwe hazina huruma kwa bati. Na mikanda ya viti, ambayo motokaa nyingi za siku zile hazikuwa nayo, ifungwe penye chuma kizima. Atakayekaa pale ni mtoto wa watu.

Mercedes yenyewe ilipata heshima yake kwa kazi. Mwaka 1959, 1960 na 1961 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, katika vumbi na matope. Rolls-Royce nayo, mwaka 1907, ilitoa gari moja la rangi ya fedha lililokwenda kimya, likapewa jina la Silver Ghost. Gari hilo likatembezwa karibu maili 15,000, na jina likashika. Kwa lugha yetu ni kama kusema "Mzimu wa Fedha". Sijui ni mama gani wa kijijini atakayekubali binti yake apelekwe kanisani na mzimu! Na neno lililo zuri kwa Kiingereza laweza kuwa baya kwingine: "mist" kwa Waingereza ni ukungu, kwa Wajerumani ni samadi. Mbeya kuna Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha na Wandali. Kabla ya kuandika jina, waulize wazee wa kila lugha.

Jina la Mercedes lilitoka kwa msichana. Mwaka 1900 mfanyabiashara Emil Jellinek, mtu wa ukoo wa Kiyahudi, aliagiza magari kwa kiwanda cha Daimler, akataka yaitwe kwa jina la binti yake. Nalo ni jina la Kihispania litokalo katika sifa ya Bikira Maria wa Rehema. Kwetu, baada ya Uhuru, watu waliligeuza wakawaita wakubwa "Wabenzi", wala hawakuwa wakiwasifu. Hapo utaona kwamba mwenye gari huchagua jina moja, na watu huchagua la pili. Iringa wako ambao wangependa kuliita gari lao Mkwawa. Mimi nasema hapana. Fuvu la mtu yule lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 baada ya safari ndefu na ya uchungu. Jina lake si la kukodishwa kwa siku.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imehifadhiwa Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya Waingereza, na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ile imestarehe, wala hakuna aulizaye breki zake. Ya kwako itachukua watu kwa malipo, kwa hiyo yataka kibali cha LATRA na bima ya gari la kukodisha. Bima ya gari la nyumbani haitoshi. Kazi ni ya Jumamosi, na wakati wa Kwaresima harusi huwa chache, basi usikope kwa kutegemea kila juma. Akija mteja kutoka Iringa na gari liko Mbeya, umwambie wazi kwamba ni zaidi ya kilomita 300, na kwamba afadhali lipakiwe katika lori.

Jina liandikwe kwa herufi ndogo ubavuni. Maua na utepe wa harusi visifunike taa, wala namba, wala kioo cha dereva.